Kisukari, Mafuta ya Damu na Njia ya Katikati



Mtu akiambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa kisukari, mara nyingi hupunguza ugali, wali, chapati, mihogo na chai ya sukari. Hafanyi vibaya. Vyakula vya wanga hugeuka sukari na kuingia katika damu, na mwili wa mgonjwa huyu ama hauna insulini ya kutosha, ama hauitumii ipasavyo. Lakini huenda baada ya miezi michache akapimwa damu na kuambiwa kwamba sukari imeshuka, ila kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, imepanda. Hapo hushangaa na kuuliza: Je, nimekosea wapi? Jibu la swali hilo linagusa mwili, na linagusa dini pia.

Ugonjwa si laana

Wako wadhanio kwamba mcha Mungu hapatwi na maradhi ya kudumu. Dhana hiyo si sahihi. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alikuwa mwenyewe na ugonjwa wa kisukari pamoja na kizunguzungu. Alieleza kwamba shuka mbili za manjano, ambazo hadithi inasema Masihi atashuka akiwa amezivaa, ni maradhi hayo mawili. Hata hivyo aliandika vitabu zaidi ya 80, na hakuacha kazi yake mpaka alipofariki mwaka 1908. Basi mgonjwa asione haya wala asikate tamaa.

Kosa liko wapi?

Kolesteroli si sumu. Ini lenyewe huitengeneza, na kila sehemu ya mwili huihitaji. Hatari hutokea pale ile ibebwayo na chembe ziitwazo LDL inapozidi katika damu, ikajishika katika kuta za mishipa na kuifanya iwe myembamba, hata moyo au ubongo ukakosa damu. Mwenye kisukari yumo katika hatari hiyo kuliko wengine, maana sukari nyingi nayo huiharibu mishipa.

Wataalamu wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kugundua kwamba ini lina mfano wa milango ya kupokea LDL na kuiondoa katika damu. Mafuta yanayoganda, kama ya nyama nono, samli na siagi, huipunguza milango hiyo, na LDL hubaki ikizunguka. Mafuta ya nazi na mawese pia yana sehemu kubwa ya mafuta ya namna hiyo, ingawa yatoka katika mimea.

Basi kosa la ndugu yetu halikuwa kupunguza wanga, bali kile alichokiweka mahali pake. Aliacha ugali, akajaza sahani nyama ya mafuta na mchuzi wa tui zito, akidhani kwamba kisicho na sukari hakina madhara. Kupunguza wanga huweza kushusha sukari, na pia mafuta mengine ya damu yaitwayo trigliseridi. Lakini LDL huweza kupanda, na kwa watu wengine hupanda sana. Kwa hiyo haifai kutazama namba moja na kusahau nyingine.

Mafundisho ya Islam

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Aaraf, aya ya 32, inaturuhusu kula na kunywa, na papo hapo inatukataza kupita kiasi. Angalieni kwamba katazo hilo halikutaja chakula kimoja tu. Anayekimbia ziada ya wanga na kuangukia ziada ya mafuta bado yumo katika ziada. Seyidna Ahmad a.s., katika makala yake iliyosomwa mjini Lahore mwezi Desemba 1896, alieleza kwamba chakula huathiri hata tabia ya mtu. Akafundisha kwamba anayeacha nyama kabisa hupungukiwa, na anayeshikilia nyama huku akila mboga kidogo hupungukiwa vilevile. Lililo bora ni njia ya katikati.

Kwa mgonjwa wetu njia hiyo ni hii: mboga za majani, kama mchicha na sukuma wiki, zichukue nusu ya sahani. Samaki, dagaa au kuku asiye na ngozi wachukue mahali pa nyama nono. Mafuta ya alizeti, kwa kiasi, yachukue mahali pa samli. Parachichi na karanga zisizotiwa chumvi zafaa kwa kipimo. Maharage na kunde zina wanga, lakini nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari na kusaidia kushusha LDL. Basi zisitupwe, bali zipimwe.

Dua na dawa

Mtume Mtukufu s.a.w. alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Kuacha dawa kwa kisingizio cha dua ni kumwacha ngamia bila kamba. Wenye kisukari walio kati ya miaka 40 na 75 kwa kawaida hushauriwa kutumia dawa za jamii ya statini, hata kama kolesteroli yao haikupanda sana, kwa sababu dawa hizo hupunguza hatari ya shambulio la moyo.

Tena, anayetumia insulini au glibenklamidi asipunguze wanga kabla ya kumwona daktari, kwani kipimo kile kile cha dawa huweza kuishusha sukari kupita kiasi. Akitokwa jasho, akitetemeka na kuchanganyikiwa, apewe sukari mara moja, maadamu aweza kumeza. Mwenye ugonjwa wa figo naye asiongeze nyama bila ushauri. Na baada ya kubadili chakula, mafuta ya damu yapimwe tena baada ya miezi miwili au mitatu.

Ndugu msomaji, mwili ni amana, na mwenye amana hutakiwa hesabu. Usiogope kupima, wala usifiche kilichopimwa. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu wote shifaa kamili, na atujalie sote kushika njia ya katikati katika chakula na katika kila jambo. Amin.