Rizki ni ya Mungu, Malezi ni Yetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu, husikika mara nyingi humu Pumwani wazee wakiwalaumu vijana kuwa wanazaa watoto wawili au watatu tu, kwa sababu imani yao ni haba. Lawama hii ni nzito; yatupasa tuipime kabla ya kuikubali.

Kwanza, tuutazame mji. Serikali ya kikoloni ilipouanzisha mtaa huu, mwanzoni mwa miaka ya 1920, mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kwa mtu mseja. Mke na watoto wakadhaniwa wanakula shamba. Mwaka 1954 ndipo kamati ya Carpenter ilipopendekeza mshahara utoshao mtu na jamaa yake. Nyumba za Majengo nazo zilikodishwa chumba chumba, na jamaa nzima ikajibana katika chumba kimoja.

Pili, shamba mtoto ni mkono wa kazi: huchunga, hulima, huteka maji. Mjini mtoto ni sare, vitabu, nauli na kodi ya chumba. Tena watoto wafao wachanga wamepungua, wala mzazi hazai wengi ili wabaki wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 3.4: mijini 2.8, mashambani 3.9. Basi upungufu huu si wa vijana wa mtaa mmoja.

Tatu, tuitazame sharia. Qur'ani imekataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara (Al-Isra, aya 31). Lakini kumuua aliyekwisha kuumbwa si sawa na kuchelewesha asiyekuwapo. Sahaba Jabir amesimulia kuwa wao walifanya azli, yaani kumwaga nje, zama Qur'ani ikiteremka. Wako wanavyuoni walioikirihi. Imam Ghazali, katika Ihya, ameijuzisha, na kuogopa mashaka ya wategemezi wengi hakukuhesabu kuwa ni sababu iliyoharamishwa.

Kwa hivyo haifai kumwita ndugu yako mpungufu wa imani kwa kuhesabu wanawe. Lakini nanyi vijana, msijisifu kwa uchache. Mwenye wawili akawaachia njia iwalee, hakuitimiza amana kuliko mwenye wanane aliowafunza sala na adabu. Zamani mtoto alikuwa na ndugu wengi nyumbani, na kila jirani alikuwa mzazi wake. Leo ndugu ni wachache. Jirani naye akinyamaza, mtoto huyo atabaki na nani? Na wazazi wake wakizeeka, atawabeba peke yake? Hapo ndipo jamaa ya msikiti ipaswapo kuwa ndugu zake.

Maswali ya darasa:

1. Kuna tofauti gani baina ya kumtegemea Mungu na kuacha kufikiri?

2. Ni watoto wangapi wa jirani zako unaowajua kwa majina?

Wabillahi taufiki.