Mafunzo ya Kiingereza: "Wind Down"

Juma hili twaeleza maneno mawili ya Kiingereza ambayo yakiwekwa pamoja huwa na maana yake ya peke yake, nayo ni "wind down".

Msomaji wa Isiolo, mwenye kuujua upepo wa vumbi wa nchi ile, aonapo "wind" hufikiri upepo; na kwa kuwa sisi husema kupunga upepo, hudhani amekwisha kuelewa. Maana ameikaribia, lakini kwa njia isiyo yake. Upepo hutamkwa "windi". Neno letu hutamkwa "waindi", yaani kuzungusha au kuviringisha. Mfano wa saa ya zamani wasaidia sana. Ukiitia ufunguo, kamani hukazwa. Kisha hulegea kidogo kidogo, na mwendo wa saa ukapungua.

Chukueni dereva wa lori aletaye ng'ombe kutoka Moyale, safari ya kiasi cha kilomita 500 hadi Isiolo. Afikapo, masikio yake yangali yasikia injini. Hunawa uso, huketi mkahawani, huagiza chai ya maziwa ya ngamia, huzungumza na wenzake, na polepole moyo hutulia. Hapo twasema: "The driver is winding down after his journey." Lakini kama alianguka kitandani mara moja akalala fofofo, amepumzika tu, hakuna kule kulegea kwa kidogo kidogo. Wala aliyeketi kivulini tangu asubuhi hana haki ya neno hili!

Msiseme "I wind down myself". Hicho si Kiingereza. Kitu hutajwa pale dereva ateremshapo kioo kwa kuzungusha mkono wake: "Wind down the window."

Maana nyingine ndiyo yenye hatari. Mtu aweza kupokea barua kazini: "The project will wind down in June." Akidhani kazi itapumzika mwezi wa Juni kisha ianze tena, atakaa akingoja kuitwa, na huku wenzake wamekwisha tafuta kazi nyingine. Barua imesema kazi itapunguzwa kidogo kidogo mpaka ifungwe. Na aulize mapema siku yake ya mwisho ni ipi, na malipo yake yatakuwaje.

Kinyume chake, "wind up", kwa mtu ni kumchokoza. Bali kwa kampuni ni kuifunga kabisa. Ajabu ya Kiingereza: kushuka na kupanda, kote huishia kwenye mlango uliofungwa.

Kwa wakati uliopita huandikwa "wound", hutamkwa "waundi". Jeraha nalo huandikwa vivyo hivyo, ila hutamkwa "wundi".

Jaribuni kutafsiri: "The meeting wound down at noon, and the clerk went home to wind down." Kiingereza kimetumia neno lile lile mara mbili, Kiswahili kitawadai maneno mawili mbalimbali.