Uzito Ukae Kiganjani, Si Kwapani

Magongo ya kwapani hayakuundwa ili kwapa libebe mwili. Jina lake ndilo linalopotosha. Kipande cha juu, kile chenye pedi, kazi yake ni kubanwa kati ya mkono na ubavu ili gongo lisiyumbe. Uzito wenyewe unapaswa kushuka kupitia bega, kiwiko na kiganja hadi kwenye kishikio, kisha ardhini. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa msomaji wa Nyandira, Mgeta, katika Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, anayeuliza kwa nini baba yake, aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, ameanza kufa ganzi mkono baada ya wiki tatu za kutembelea magongo, na kama kuna namna ya kuyarekebisha yafae njia za mlimani. Namna ipo, na sehemu kubwa yake haihitaji kiwanda.

Kwapa ni mahali dhaifu. Chini ya ngozi yake laini hupita fungu zima la mishipa ya fahamu iendayo mkononi, pamoja na mshipa mkubwa wa damu, bila nyama nene ya kuikinga. Mgonjwa akijitundika juu ya pedi, mishipa hiyo hubanwa kati ya gongo na mfupa. Unaoumia zaidi ni ule unaozunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, ambao huinua kiganja na kunyoosha vidole. Dalili huanza kwa ganzi au mchomo upande wa nyuma wa kiganja, karibu na kidole gumba. Baadaye nguvu hupungua, mpaka kiganja kinaning'inia kama jani la mgomba lililonyauka. Ikigunduliwa mapema na mbano ukaondolewa, kwa kawaida mkono hupona, ingawa huchukua wiki nyingi na pengine miezi. Mara chache zaidi, mshipa wa damu nao huharibika kwa kubanwa miaka mingi, ukatanuka au damu ikaganda ndani yake.

Kwa kuwa kwapa huuma, karibu kila familia hufanya jambo lile lile: huzungushia kichwa cha gongo matambara, kanga iliyochakaa au kipande cha sponji ya godoro. Ni tendo la huruma, lakini huongeza tatizo. Pedi ikinenepa kwa sentimita tatu, gongo limerefuka kwa sentimita tatu, na nafasi iliyopaswa kubaki wazi chini ya kwapa imezibwa. Zaidi ya hapo, ulaini wa sponji humshawishi mgonjwa ajilaze juu yake. Kitambaa hicho hicho kingefungwa kwenye kishikio, kingemsaidia sana.

Kipimo cha gongo huchukuliwa mgonjwa akiwa amesimama, amevaa viatu vyake vya kila siku, mabega yamelegea. Ncha ya gongo huwekwa takribani sentimita 15 mbele ya vidole vya mguu, pembeni kidogo. Hapo pedi inapaswa kukoma vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, yaani sentimita 4 au 5 hivi. Fundi anayehitaji urefu wa kuanzia kabla ya kumwona mgonjwa hutoa sentimita 40 kwenye kimo cha mgonjwa huyo: mtu wa sentimita 165 huanza na gongo la sentimita 125, kisha hurekebishwa akiwa amesimama. Kishikio hukaa usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukiwa umeachwa uning'inie. Mgonjwa akikishika, kiwiko hujikunja kidogo, kama nyuzi 20 hadi 30, na mkunjo huo ndio unaompa nguvu ya kujisukuma juu. Kishikio kikiwa chini mno, kiwiko hunyooka chote, mwili unashuka, na kwapa hupokea mzigo ulioushinda mkono.

Magongo mengi vijijini ni ya kuazima. Hutoka kwa jirani aliyepona, yakaenda kwa aliyevunjika jana. Anayeyapokea hurefusha au kufupisha mguu wa gongo, lakini kishikio hubaki pale alipokiacha mgonjwa wa kwanza. Hapo ndipo msomaji aanze kukagua. Bolti ya kishikio ikifunguliwa na kuhamishiwa kwenye tundu la juu au la chini, ganzi itokanayo na mbano wa kwapani inaweza kwisha bila shilingi moja kutumika.

Kishikio chenyewe ndicho sehemu ya gongo iliyofikiriwa kidogo kuliko zote, ilhali ndicho kinachobeba mtu. Mtu wa kilo 60 asiyekanyagia mguu mmoja, kila anapoinua mguu mzima hubebwa na viganja viwili: kilo 30 kila kimoja, na zaidi pale gongo linapopiga chini. Akisogea nusu mita kwa kila mruko, kilomita moja ni miruko elfu mbili. Kishikio cha mti mwembamba au cha bomba tupu hukusanya uzito wote huo kwenye mstari mmoja katikati ya kitako cha kiganja. Mahali hapo hapo, ndani ya njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na kano, hupita mshipa wa fahamu wa kidole gumba na viwili vinavyofuata. Upande wa kidole cha mwisho hupita mwingine. Kwa hiyo mahali ganzi ilipo ni kidokezo kizuri. Ikiwa nyuma ya kiganja, wa kushukiwa kwanza ni pedi ya kwapani. Ikiwa kwenye vidole upande wa ndani wa kiganja, wa kushukiwa kwanza ni kishikio.

Tiba ya kishikio ni upana. Kipenyo cha sentimita 3.5 hadi 4 huwafaa watu wazima wengi, na sehemu ya juu ikitandazwa kidogo, pale kitako cha kiganja kinapolala, uzito hutawanyika badala ya kukata. Seremala anaweza kukichonga kwa mti wa mpera, ule ule ambao watoto hukatia panda za manati kwa sababu haupasuki upesi, kikapigwa msasa na kuzungushiwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Tyubu huzuia mkono wenye jasho usiteleze. Wenye ugonjwa wa maungio ya vidole hawafaidiki sana na kishikio cha aina yoyote. Hao huhitaji gongo lenye kibao cha kulaza mkono wote kuanzia kiwikoni.

Vipimo vyote vilivyotajwa, hata hivyo, vilitungwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali. Mji wa Morogoro uko takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kimhandu katika Milima ya Uluguru kinapita mita 2,600. Kati ya hapo ndipo watu wa Mgeta, Kinole, Matombo na Tegetero wanapoishi, wakipanda na kushuka kila siku kwa vijia vyembamba vya udongo mwekundu. Gongo lililopimwa vizuri wodini huwa refu mno mgonjwa anapopanda, na fupi mno anaposhuka.

Sababu yake inahesabika. Katika njia inayopanda mita moja kwa kila mita nne, gongo likitangulizwa sentimita 40 mbele ya mguu, ncha yake inakanyaga sentimita 10 juu zaidi ya mguu ulipo. Ile nafasi ya sentimita 4 au 5 chini ya kwapa haitoshi. Gongo likiwa limelala, mgonjwa hahisi sana. Mwili ukishafika juu yake na gongo likasimama wima, pedi inaingia kwapani. Ndiyo maana wataalamu wa fiziotherapia hufundisha kwamba katika kupanda, mguu mzima hutangulia, kisha magongo na mguu mbovu huletwa usawa wake bila kuupita. Katika kushuka, magongo na mguu mbovu hutangulia, kwa hatua fupi, na mguu mzima hufuata. Mwenye mguu uliofungwa hogo akifundishwa hilo kabla ya kuruhusiwa hospitali, anaokolewa na maumivu mengi. Dakika kumi za mazoezi kwenye ngazi za jengo zinatosha kuanzia, na ni haki ya mgonjwa kuziomba.

Kwa atakayetumia magongo miezi mingi au maisha yote, jibu bora zaidi mlimani ni magongo ya kiwiko. Haya hayana pedi ya kwapani. Yana pingu ya plastiki au chuma inayokumbatia mkono, sentimita 3 au 4 chini ya kiwiko, na kishikio mbele. Mteremko ukibadilika hakuna kitu cha kuchoma kwapa, na mkono unaweza kuachia kishikio ukafungua mlango au kutoa nauli, gongo likabaki limening'inia kwenye pingu. Uwezo wake umeonekana wazi kwa Tembo Warriors, timu ya taifa ya Tanzania ya soka la watu wenye ulemavu wa viungo, iliyocheza Kombe la Dunia mjini Istanbul mwaka 2022. Wachezaji wasio makipa hukimbia, hugeuka na kupiga mpira kwa mguu mmoja na magongo mawili ya kiwiko. Mzee anayetetemeka, au aliyetoka kwenye ugonjwa mrefu, hana nguvu hiyo ya mabega na kifua, na kwake magongo ya kwapani yaliyopimwa sawasawa bado ni salama zaidi.

Ncha ya gongo nayo inastahili uangalifu mkubwa, hasa msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Gongo la mti lisilo na mpira, lenye ncha ya sentimita 2, huzama kwenye tope kama jembe. Upana ukifikishwa sentimita 6, eneo linalokanyaga chini huongezeka mara tisa, na shinikizo kwenye udongo hupungua kwa kiasi hicho hicho. Ila kiatu kipana cha gongo kikiwa kigumu, gongo likiinama hukanyaga ukingo tu na kuteleza. Kinachotakiwa ni mpira mpana, laini kiasi cha kukunjika. Mafundi wanaoshona katambuga za tairi wanaweza kuukata: tairi la pikipiki, meno yakiangalia chini, juu yake tabaka la mpira laini. Misumari na bolti lazima zizamishwe ndani ya mpira, kwa maana kichwa cha msumari kikigusa sakafu ya vigae iliyolowa, gongo linakimbia. Mpira uliosagika hadi kuwa laini kama kigae chenyewe ni wa kutupa, hata kama haujatoboka.

Kuhusu mti wa kutengenezea gongo lote, mkaratusi na grivilea za kupandwa zinafaa zikikaushwa vizuri kivulini. Mti mbichi hupinda baada ya kuchongwa. Kukata ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, ni kosa, na hakuna haja. Mianzi, kama ile isukiwayo matenga ya nyanya, ni myepesi na ina nguvu ajabu, ila hupasuka miishoni. Lazima ifungwe waya au utepe wa tyubu, na tundu la bolti lisikaribie mwisho. Mabomba ya maji yaliyochomelewa hudumu, lakini uzito wake humchosha mgonjwa, ambaye tayari anatumia takribani mara mbili ya nguvu ya mtu anayetembea kwa miguu miwili. Uzito uliopo karibu na ncha huchosha zaidi ya ule wa juu, kwa sababu ndio unaorushwa mbali. Fundi akipunguze kipande cha chini kwanza.

Kuna magongo yaliyotiwa springi ili kupunguza mshtuko, na mengine yenye kitako cha mviringo kinachobingirika ili mwili usipande na kushuka kila hatua. Yote mawili yana maana kwenye barabara ya lami. Kwenye kijia cha Mgeta, springi itajaa tope na mchanga ndani ya wiki moja, na kitako kinachobingirika hakifai juu ya mawe. Mpira mnene chini ya gongo hufanya sehemu ya kazi ya springi kwa bei ya tairi chakavu.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliweka magongo kwenye orodha ya vifaa saidizi 50 vya kupewa kipaumbele, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inatambua vifaa saidizi. Gongo basi si kijiti cha kujitafutia. Linapaswa kupimwa na mtu aliyesomea, na wataalamu hao wapo nchini: mafundi sanifu wa viungo bandia wamekuwa wakifunzwa katika chuo cha TATCOT, Moshi, tangu 1981, na huduma za mifupa na fiziotherapia hutolewa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam. Kwa wakazi wa milimani, mlango wa kuanzia ni kitengo cha fiziotherapia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Seremala au mchomeleaji wa kijijini akifuatana na mgonjwa siku ya kipimo, ataona kwa macho yake kiwiko kinapaswa kujikunja kiasi gani, na magongo yote atakayotengeneza baadaye yatakuwa bora.

Kwa mgonjwa wa Nyandira, matambara yatolewe juu ya gongo leo, kishikio kihamishwe hadi usawa wa kifundo cha mkono, na mwendo upunguzwe. Ganzi ikiendelea zaidi ya siku chache, au kiganja kikianza kushindwa kujiinua, apelekwe hospitali bila kungoja tarehe ya kufunguliwa hogo. Vidole vikiwa baridi na vyeupe, au mkono ukivimba, safari hiyo ni ya siku hiyo hiyo.