Kwanza Hesabu, Kisha Fimbo

Wadogo zangu, barua niliyoipenda safari hii imetoka Buzebazeba. Mwandishi wake alijifunza gofu pale Lugalo alipokuwa akifanya kazi Dar es Salaam, kisha akarudi kwao Kigoma. Sasa wenzake watatu waliobaki Dar wamempigia simu: twende Uganda tukacheze Entebbe, Kampala na Jinja. Moyo unataka. Lakini yeye ndiye anayecheza vibaya kuliko wote, pesa zinamtia wasiwasi, na mama yake amesema gofu ni mchezo wa wanaume wenye vitambi.

La mama tulimalize upesi. Madina Iddi wa Arusha na Hawa Wanyeche wa Lugalo, wanawake wote wawili, wameiwakilisha Tanzania katika mchezo huohuo. Mwonyeshe picha zao, halafu mwombe dua ya safari.

La kucheza vibaya nalo lina dawa, na dawa yenyewe inaitwa handikapu, yaani mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake. Tangu 2020 dunia inatumia mfumo mmoja, na kiwango cha juu kabisa ni 54, kwa hiyo hata anayeanza ana nafasi yake. Ukiwa na 36 na mwenzako ana 18, unapata karibu mkwaju mmoja wa nyongeza katika kila shimo, na hapo mnaweza kushindana bila mtu kuonewa. Waombe klabu yenu ya Lugalo wakuandikie rekodi yako mapema, maana klabu nyingi huitaka kabla ya kumruhusu mgeni. Ukifika, anzia kwenye alama za mbele, zilizo karibu zaidi na shimo. Usione haya. Wanaong'ang'ania alama za nyuma ili waonekane ndio haohao wanaotafuta mipira vichakani huku kundi la nyuma yao limeshika viuno.

Sasa pesa, mdogo wangu, na hapa ndipo nataka unisikilize. Sijaona urafiki uliovunjwa na mpira ulioingia mchangani. Nimeona uliovunjwa na maneno "nilipie, nitakurudishia". Kabla ya mtu kukata tiketi, kaeni kwenye simu nyote wanne mtaje kila kitu: ada ya uwanja, kedi wa kubeba fimbo, gari la kutoka mji hadi mji, malazi, chakula, na hata nani analala na nani, kwa sababu yuko anayekoroma na mnamjua. Halafu kila mmoja aseme mwisho wa mfuko wake. Mwenye kidogo ndiye apangiwe safari; wenye kikubwa wakitaka hoteli ya ghali walale huko, mtakutana uwanjani. Mchagueni mmoja wa kushika mfuko wa pamoja, na aandike matumizi kila jioni kabla hamjalala.

Liko na la dau. Wachezaji wengi hupenda kuwekeana kitu kila shimo, na linaanza kama utani. Wewe sema mapema, tena ukicheka, kwamba dau lako ni soda. Akinuna mtu, heri anune akiwa Dar.

Viwanja vyenyewe vinastahili safari. Wa Entebbe, ulioanza 1901, ni miongoni mwa vikongwe kabisa Afrika Mashariki, na uko karibu na Ziwa Victoria. Wa Kampala, wa klabu iliyoanzishwa 1908, umelala bondeni katikati ya jiji, kati ya vilima vya Kololo na Nakasero, maghorofa yakikutazama ukikosea. Wa Jinja una mashimo tisa tu, jirani na Nile inapotoka ziwani. Husimuliwa sana kuhusu sheria yao ya zamani: mpira wako ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, uliruhusiwa kuuokota na kuuweka pembeni bila adhabu. Nani angebishana na kiboko?

Nikushauri ratiba? Toka Entebbe hadi Kampala ni kama kilomita 40, na Kampala hadi Jinja kama 80, kwa hiyo vishawishi vya kucheza kila siku vitakuwa vingi. Kataeni. Mashimo 18 ni mwendo wa saa nne na zaidi, karibu kilomita kumi kwa miguu, na Kampala ina foleni za kumaliza uvumilivu. Wekeni siku ya kupumzika katikati. Kwa kuwa Buzebazeba hakuna uwanja, anza sasa kutembea alfajiri, panda hadi Mwanga urudi, magoti yazoee miinuko.

Wewe unaweza kupita Dar ukaruka na wenzako, au ukaenda kwa barabara: Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, kisha Mutukula mpakani. Ukichagua barabara, usipange kucheza siku unayofika. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zikae kwenye mkoba wa mkononi. Na zile fimbo unazosema umeziazima, muulize mwenye nazo sasa hivi: ikivunjika moja, nani analipa? Jibu likikutisha, ziache, kodi huko. Kwa vyovyote sheria hairuhusu fimbo zaidi ya 14 mfukoni, na wewe saba zinakutosha.

Jambo moja silifanyii mzaha: radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi mno duniani, na wewe unatoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, unajua wavuvi wa dagaa wanavyoliheshimu wingu jeusi. Likikusanyika, au king'ora kikilia, acheni mpira palepale mkaingie jengoni. Si chini ya mti. Wenzako wakisema "tumalizie shimo hili tu", watangulie wao, wewe nenda.

Kedi wa pale msikilize, anajua majani yanavyopeleka mpira, na malipo yake myaulize ofisini kabla ya kuanza.

Umeniuliza pia kama ubebe dagaa kuwapelekea wenyeji. Beba, ingawa wao wana mukene, dagaa wao, na watakubishia ladha. Ila hao dagaa wafunge mbali na glavu.