Kurusha glaida kwa winchi: kazi yote iko sekunde za mwanzo

Ukitaja winchi hapa Mnazi Mmoja, mtu anatazama juu. Anadhani unaongelea ile inayopandisha nondo na zege kwenye maghorofa ya Kariakoo, ambayo hayaishi kujengwa. Ninayoiongelea mimi inakaa chini, mwisho wa uwanja, na inavuta kamba kwa ulalo. Kinachopanda ni glaida, ndege isiyo na injini. Niliijulia Ujerumani nilipokuwa mwanafunzi, kwenye klabu ya kijijini ambako Jumamosi kutwa unawahangaikia wenzako na kamba zao ili jioni zamu yako ifike. Siku hizi nauza kamba na minyororo, na vijana walioona video kwenye simu hawaishi kuniuliza: "Mzee, ile ndege inapaaje bila injini?" Jibu la dukani ni fupi mno, kwa hiyo naandika.

Winchi inawekwa upande upepo unakotokea, kiasi cha mita 1,000 kutoka ilipo glaida. Ni mwendo wa mtu anayetoka Viwanja vya Mnazi Mmoja akaingia ndani kabisa ya Kariakoo, ila njiani kusiwe na waya wa umeme, bodaboda wala meza ya machinga. Ndiyo maana nawaambia vijana wasiote kuvitumia viwanja vyetu. Injini ya winchi, mara nyingi ya lori, inazungusha ngoma inayokusanya kamba. Glaida inatoka kwenye kusimama hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde tatu au nne. Haijatimia dakika moja, iko mita 400 hivi angani, zaidi ya mara mbili ya jengo la Mamlaka ya Bandari pale Sokoine Drive. Aliyerusha tiara utotoni ameshaelewa: mwenye uzi anakimbia mbele, tiara inakwenda juu. Ila tiara hii ina mtu ndani, na mtu huyo ana kazi.

Kazi inaanza kabla kamba haijafungwa. Kati ya kamba na glaida kuna kiungo dhaifu, kipande cha chuma kilichotengenezwa kikatike kabla bawa halijaumia. Vile vilivyozoeleka Ulaya vimepakwa rangi kulingana na nguvu: cheusi kinakatika kwenye mvuto wa takriban kilo 1,000, cha kahawia 850, chekundu 750, cha bluu 600, cheupe 500. Kila glaida ina rangi yake kwenye kitabu chake. Kishike mkononi, kitazame matundu kama yamevutika, ndipo uunganishe. Ukisikia mtu anasema "tia tu hicho kikubwa, hiki kinakatikakatika," shuka kwenye ndege, maana huyo anataka kuhamishia mkatiko kwenye bawa.

Halafu kuna kitasa cha njano. Rangi hiyo kwenye chumba cha rubani maana yake ni kuachia kamba, na mkono wako wa kushoto unakaa hapo hapo tangu kamba inapoanza kukazwa. Usiuweke karibu nacho, uweke juu yake. Mwenzako ameshika ncha ya bawa ili ndege isimame sawa, ishara inapelekwa kwa mwendesha winchi akusanye kamba iliyolegea, kamba inakazika, ishara ya mwisho inatolewa, mgongo wako unagandamizwa kwenye kiti. Bawa moja likianza kushuka na stiki haitoshi kulirudisha, achia. Usisubiri liguse nyasi kwanza. Ncha ikinasa ardhini huku kamba inavuta kwa nguvu ile, ndege inazunguka, inabinuka, na muda wa kufikiri umekwisha. Mkono ulioko gotini ukitafuta kitasa, umeshachelewa.

Ndege ikishanyanyuka, tamaa inakuja. Kamba ina nguvu, kasi inapanda, na kila mita unayoipata sasa unaona kama faida, hivyo mkono unataka kuvuta stiki. Tulia. Acha ndege ipande kwa mwinuko mdogo mpaka kasi iwe ya kutosha na iwe bado inaongezeka, kisha iinue pua polepole, kama sekunde tano hivi kutoka usawa mpaka mpando kamili. Ukiikurupusha, mabawa yanabebeshwa mzigo wa ghafla juu ya ule wa kamba, na kasi iliyokuwa salama sekunde iliyopita inakuwa haitoshi. Bawa moja linaacha kubeba kabla ya lingine, ndege inajipindua karibu na ardhi. Mwaka 2005 chama cha glaida cha Uingereza kilianza kampeni ya kufundisha mambo haya haya baada ya kuchambua ajali za winchi za miaka mingi, na ajali mbaya zilipungua sana. Hawakubuni mtambo mpya. Walifundisha upya mikono ya marubani. Na kwa anayehesabu faida: kuinua pua kwa subira kunakugharimu mita chache tu kati ya zile 400.

Kamba kukatika si habari ya ajabu. Itakatika tu siku moja, na mwalimu mzuri atakuachia makusudi bila kukuonya. Pua iko juu karibu nyuzi 45, mvuto umetoweka, na kasi inamwagika. Sukuma stiki mbele mara moja, pua iende chini ya upeo wa macho, kisha ngoja. Hapo kwenye kungoja ndipo wengi wanapoharibu. Pua kuwa chini haina maana kwamba kasi imerudi. Soma kipima kasi. Mpaka kifike kasi ya kutua, usikate kona wala usifungue breki za hewa. Vuta kitasa cha njano kuondoa kipande cha kamba kilichobaki. Mbele kukiwa na nafasi, tua mbele. Mpango wa nini utafanya ukiwa chini, ukiwa katikati na ukiwa juu unausema kwa sauti kabla ya kuruka.

Mwendesha winchi haonekani kwenye video, lakini nusu ya urushaji ni wake. Upepo unaongezeka kadiri ndege inavyopanda, kwa hiyo anapunguza mafuta kidogo kidogo. Akizidisha, rubani anatikisa mkia kushoto na kulia kwa pedali, naye anaelewa. Mpe kazi hiyo mtu mtulivu. Na awe na kikata kamba kinachofanya kazi, kwa siku ambayo kitasa cha rubani kitagoma.

Sasa kuhusu kamba, maana hapo ndipo nauza. Kuna kijana alinijia akitaka mita elfu za nailoni kwa shughuli hii. Sikumuuzia. Nailoni inavutika, inahifadhi nguvu, na ikikatika inarudi kwa kasi ya kuvunja mtu mguu. Winchi za glaida zinatumia waya wa chuma wa milimita nne au tano, au kamba za sintetiki zisizovutika, ambazo ni nyepesi na ni rahisi kuunga. Nilimwelekeza Kenya, Mweiga karibu na Nyeri, ambako Klabu ya Glaida ya Kenya ilijijengea jina. Akitaka kuanzisha kitu hapa nyumbani, aanzie na barua kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kisha atafute mwalimu, na kamba iwe ya mwisho.