Ushuru wa Kampuni Unakagulika Ukiwa Hapo Hapo Tudor

Ingia karibu duka lolote Tudor utakuta kibali cha biashara cha Kaunti ya Mombasa kimebandikwa ukutani. Wateja wengi wakikiona huamini mwenye duka amemalizana na ushuru. Sivyo. Kibali kile ni cha kaunti. Ushuru wa mapato na ushuru wa ongezeko la thamani (VAT), kwa Kifungu cha 209 cha Katiba, ni wa serikali ya kitaifa na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Kampuni yaweza kuwa na kibali kipya na isiwe imepeleka KRA hata senti.

Pa kuangalia ni risiti. Tuseme umenunua rangi kwenye hadiwea kwa shilingi 1,160. Ikiwa muuzaji amesajiliwa kwa VAT, shilingi 160 humo si zake. Amezishika tu, na anatakiwa kuziwasilisha kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha tu kwamba umelipa, kwa hivyo dai risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Itakuwa na PIN ya muuzaji (ya kampuni huanza na P, ya mtu binafsi A), kiasi cha ushuru na msimbo wa QR. Elekeza kamera ya simu hapo, ankara ifunguke kwenye ukurasa wa KRA, kisha linganisha jina na kiasi. Ukikuta ushuru ni sufuri, usikimbilie kumwita mtu mwizi: unga wa mahindi hautozwi, na biashara yenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kujisajili kwa VAT.

Mwenye kampuni naye azitunze ankara za manunuzi yake. Tangu Januari 2024, gharama nyingi zisizo na ankara ya eTIMS hazikubaliwi wakati wa kukokotoa faida, na faida hiyo hutozwa asilimia 30.

Kwangu mimi, ukwepaji mbaya kupita wote ni wa mwajiri anayekata PAYE, yaani ushuru wa mapato ya mfanyakazi, kwenye mshahara kisha asiipeleke, maana jasho ni la mfanyakazi na deni linaandikwa pasipo yeye kujua. Mwajiri ana hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Unapojaza ritani yako kabla ya Juni 30, iTax, tovuti ya KRA ya ritani, hukuletea taarifa alizowasilisha yeye. Ziweke kando ya fomu ya P9, ile ya muhtasari wa mwaka anayokupa mwajiri, na payslip zako. Zikitofautiana, muulize kwa maandishi. Asipojibu, KRA ina mfumo wa iWhistle unaopokea taarifa bila kutaja jina lako.

Kampuni za kimataifa ni kazi ngumu zaidi. Mwaka 2005 KRA ilishindwa na Unilever Kenya mahakamani kuhusu bei ya bidhaa ilizouzia kampuni dada ya Uganda, kwa kuwa Kenya haikuwa na kanuni zake za bei kati ya kampuni za kundi moja. Kanuni zikatungwa 2006. Siku hizi kundi la kampuni lenye mapato ya shilingi bilioni 95 na zaidi hutoa ripoti ya mapato na ushuru wake nchi kwa nchi, ila ripoti huishia KRA. Naona ingefaa ichapishwe. Kiwango cha kimataifa cha kuripoti ushuru, GRI 207 cha mwaka 2019, kinazitaka kampuni zinazokifuata zifanye hivyo.

Kwa sasa, ikiwa una hisa katika kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, fungua hesabu zake zilizokaguliwa. Tazama ushuru uliotajwa kwenye taarifa ya faida na hasara, kisha ushuru uliolipwa taslimu kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Pengo likijirudia mwaka baada ya mwaka, simama kwenye mkutano mkuu uwaulize wakurugenzi sababu yake.