Baridi, Betri na Waya za Bei Rahisi

Nitaeleza habari ya betri ya motokaa wakati wa baridi, na ya vifaa vile vinavyouzwa madukani ili kuisaidia betri iliyochoka. Mimi si fundi wala dereva. Nimeandika kwa sababu nilinunua vibaya, na kosa langu likawapata watu wengine.

Kwetu ni wilaya ya Makete, karibu na Uwanda wa Juu wa Kitulo, ambao umeinuka kadiri ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Watu wa pwani hawasadiki kwamba katika Tanzania kuna mahali ambapo maji huganda nje usiku. Lakini sisi, tangu Juni hata Agosti, asubuhi nyingine huamka tukakuta majani yote meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda.

Baba mdogo ana pikapu ya dizeli. Hiyo ndiyo ichukuayo viazi kwenda sokoni, na hiyo ndiyo ichukuayo wagonjwa wa kijiji chetu. Nilipokuwa nakwenda likizo ya mwezi wa sita alinitumia shilingi 40,000 akasema, "Mwanangu, ukipita mjini ninunulie waya za kubusti. Baridi imekwisha anza." Dukani nikakuta za namna mbili. Za kwanza zilikuwa nzito, nazo ni shilingi 38,000. Za pili zilikuwa nyepesi, zimetiwa katika mfuko mzuri, zina vibano vikubwa vyekundu na vyeusi, na juu ya mfuko imeandikwa "Ampea 1000". Bei yake shilingi 12,000 tu. Nikazichukua hizo. Nilipofika nyumbani nikarudisha chenji, na Baba mdogo akanisifu kwamba najua kutunza fedha. Nami nikajisifu moyoni.

Wiki mbili baadaye, saa kumi alfajiri, watu wakagonga mlango. Mke wa jirani yetu alikuwa katika uchungu wa kuzaa tangu usiku, na ilipasa apelekwe kituo cha afya upesi. Baba mdogo akazungusha ufunguo. Stata ikalia mara moja kwa uchovu, kisha tak, tak, tak, ikanyamaza. Kusukuma hatukuweza, maana nyumba yetu iko bondeni na njia yapanda. Nikatumwa mbio kwa mzee mmoja mwenye trekta. Akaja, tukaunga zile waya mpya, lakini pikapu haikuwaka. Waya zikawa moto hata mpira wake ukalainika mkononi mwangu, na harufu ya kuungua ikatoka.

Yule mzee akasema, "Acha kwanza. Waya hizi ni mpira mtupu, mwanangu, ndani hamna kitu." Akafungua vichwa vya betri ya pikapu, akakwangua kwa kisu ule unga mweupe uliovizunguka, akavikaza vizuri. Kisha akaunga tena, akaliacha trekta lingurume robo saa nzima bila mtu kugusa ufunguo, ili betri yetu ipokee umeme kidogo kidogo. Tulipojaribu tena, injini ikawaka. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili. Mtoto alizaliwa salama kituoni, twamshukuru Mungu. Lakini mama yule alikaa karibu saa mbili barazani, amefunikwa blanketi, akitusikiliza tukihangaika. Hakunilaumu mtu, kwa kuwa hakuna aliyejua habari za chenji ile isipokuwa Baba mdogo na mimi.

Niliporudi shuleni nilikuja na zile waya, nikamwomba mwalimu wetu wa fizikia anisaidie kujua sababu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwa nini betri hushindwa na baridi

Betri ya motokaa ina vyumba sita. Katika kila chumba mna sahani za risasi na za oksidi ya risasi ndani ya asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Aliyebuni betri ya namna hii ni Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859, na mpaka leo asili yake ni ile ile. Kila chumba hutoa volti 2.1 hivi, kwa hiyo betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu, na ikishuka hata 12.0 iko karibu kwisha.

Umeme wa betri hutokana na kazi ya asidi juu ya zile sahani, na kazi hiyo hupungua mwendo katika baridi. Mahali ambapo maji huganda, betri huweza kutoa kadiri ya theluthi mbili tu ya nguvu zake za wakati wa joto. Wakati huo huo oili ya injini huwa nzito kama asali, na stata yahitaji nguvu nyingi zaidi kuizungusha injini. Basi mwenye kulipa amepungukiwa, na mwenye kudai ameongeza deni. Betri mpya huweza kustahimili, lakini ile iliyokuwa mbovu tangu zamani huumbuka siku hiyo. Kwa kweli joto ndilo linalozeesha betri kwa wingi. Baridi huja kuonyesha ugonjwa uliokuwamo.

Kwa nini waya zangu zilishindwa

Nilichuna mpira wa waya mmoja. Nje ulikuwa mnene kama kidole, lakini ndani nilihesabu nyuzi 30 tu, na kila uzi, nilipoupima kwa mikromita, ulikuwa na unene wa nusu milimita. Ukifanya hesabu utapata eneo la milimita za mraba 6 hivi. Tena rangi ya uzi ilikuwa ya shaba, lakini nilipoukwangua kwa wembe ndani ulikuwa mweupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba.

Kila waya ulikuwa na urefu wa mita 3. Umeme hupita waya mmoja kwenda na mwingine kurudi, kwa hiyo njia yote ni mita 6. Waya wa alumini wa kadiri hiyo una ukinzani wa omu 0.028. Stata ya injini ya dizeli katika baridi huweza kudai ampea 200 na zaidi. Kwa kanuni ya Ohm, zidisha 200 kwa 0.028, utapata volti 5.6 zinazopotea njiani. Zikiondoka volti 12 kwenye trekta, zinazofika ni 6.4 tu, na kwa volti hizo stata haizungushi injini baridi. Nguvu iliyopotea ndiyo iliyogeuka kuwa moto. Ni wati zaidi ya 1,100, sawasawa na pasi ya umeme, nami nilikuwa nimeishika mkononi.

Sasa chukua waya wa shaba halisi wenye eneo la milimita za mraba 25, urefu ule ule. Ukinzani wake ni omu 0.004, na zinazopotea ni volti 0.8 tu. Hiyo ndiyo tofauti ya shilingi 26,000 nilizojivunia.

Unga mweupe katika vichwa vya betri ni mwizi wa namna hiyo hiyo. Ukiwa na ukinzani wa omu 0.01 tu, utaiba volti 2 katika ampea 200. Ndiyo maana kisu cha mzee kilisaidia sana, na kisu hakikutugharimu hata senti.

Jinsi ya kununua kwa fedha chache

Mwenye fedha chache hakatazwi kununua. Lakini yafaa anunue kwa utaratibu huu.

Kwanza, fanya yasiyo na gharama kabla baridi haijaja. Fungua vichwa vya betri, ukianza na kile cha hasi. Visugue kwa msasa, vioshe kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo, vikaushe, vikaze, kisha uvipake mafuta ya mgando. Angalia usimwage magadi ndani ya vyumba vya betri. Kama betri ni ya kuongezwa maji, tia maji safi ya betri yanayouzwa kwa chupa, wala si ya bombani. Asidi isikuguse macho.

Pili, nunua mita ndogo ya kupimia volti, ambayo mafundi huiita testa. Bei yake ni ndogo, nayo itakuambia hali ya betri kabla hujakwama. Pima asubuhi kabla ya kuwasha. Kisha pima injini ikiwa inanguruma: yapasa uone kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ukiona 12 tu, hakuna umeme unaoingia katika betri, na hata ukinunua betri mpya itakufa vile vile.

Tatu, nunua waya za kubusti. Usisome maandishi ya mfuko, wala usitazame unene wa mpira. Zishike mkononi. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini. Waya mbili za mita 3 zenye shaba ya milimita 25 huwa na shaba peke yake zaidi ya kilo moja na robo, lakini madini yote ya waya zangu hayakufika gramu 150. Mwombe muuzaji akuruhusu kukwangua uzi mmoja pale unapoingia katika kibano: ukiwa mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Kwa motokaa ndogo ya petroli milimita 16 zatosha, lakini dizeli yataka 25 au zaidi.

Nne, kama fedha zimebaki, ndipo ufikirie zile mashine ndogo za kubusti, zenye betri ya lithiamu, zinazotosha mkononi. Hizo ni msaada mkubwa kwa mtu aliye peke yake njiani, maana hazihitaji gari la pili. Lakini ampea kubwa zilizoandikwa juu ya boksi mara nyingi ni za kitambo kidogo sana. Uliza ampea za kuwashia injini, uulize pia imetengenezwa kwa injini ya ukubwa gani, na kama ni ya dizeli au petroli. Omba kuijaribu katika gari kabla ya kulipa. Mashine hiyo nayo huogopa baridi, basi usiku ilale ndani ya nyumba. Ichaji kila baada ya miezi mitatu hata kama hukuitumia, na ikivimba usiitumie tena.

Mapambo ya taa, vifuniko vya usukani na redio kubwa vingoje mpaka hayo manne yamekamilika. Taa na redio zenyewe hula umeme wa betri ile ile. Na kioo kikishikwa na sakitu, usikimwagie maji ya moto, maana kitapasuka. Kifunike jioni kwa boksi kuukuu au gunia safi, asubuhi ulitoe.

Jinsi ya kuunga

Hakikisha betri zote mbili ni za volti 12. Malori mengi hutumia 24, na kuyachanganya ni hatari. Zima magari yote mawili. Unga waya mwekundu katika chanya ya betri iliyokufa, kisha katika chanya ya betri nzima. Unga waya mweusi katika hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho uiunge katika chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Sababu ni hii: betri hutoa gesi ya hidrojeni, na cheche ya mwisho ikiruka karibu nayo, betri huweza kulipuka. Kwa ajili hiyo pia usivute sigara wala usimulike kwa kibiriti. Washa gari lisaidialo, ngoja dakika 10 au 15, ndipo ujaribu lile lililokufa. Likiwaka, ondoa waya kwa kufuata njia uliyojia, ukianza na ule wa mwisho.

Wenzangu, wengi wetu tutakuwa na magari siku moja, na wengine tayari twatumwa madukani na wazazi wetu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawaomba wazazi wasitusifu kwa chenji tunayorudisha kabla hawajatazama tulichonunua. Mimi nilimweleza Baba mdogo hesabu hizi likizo iliyofuata. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Basi safari hii nenda na mizani." Tukanunua waya za shaba, na sasa zakaa chini ya kiti cha pikapu. Ule wa zamani, uliochunwa, uko katika maabara yetu ya fizikia, na kila apendaye aweza kuupima.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne